Neno Alilolizaa Mpole

Katika hospitali ile, mtu akikasirika akatoa maneno makubwa kuliko kosa lenyewe, hawasemi amefoka. Wanasema amekamua. Muuguzi akitoka ofisini kwa mkubwa wake na macho mekundu, wenzake wanaulizana pembeni, "Kakamuliwa?" Dereva wa gari la wagonjwa anasimulia jinsi mkewe alivyokamua jana mpaka paka akahamia kwa jirani. Ukiwauliza neno hilo limetoka wapi, kila mmoja atakutengenezea jibu. Mmoja atasema ni la wanajeshi, mwingine atasema ni la wafugaji. Waongo wote, Mungu awasamehe. Neno hilo lina mama yake, na mama yake ni dobi.

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya hasira. Kuna kufoka, neno la jikoni: moto ukizidi, kilichomo chunguni hupanda kikamwagikia mafiga, na mtu naye hivyo hivyo, hana habari mpaka kimeshamwagika. Kuna kubwata, kuna kupayuka, kuna kuropoka kwa yule ambaye ulimi wake hauna breki. Kukaripia kunataka aliye chini yako. Jaribu kumkaripia mwenye nyumba uone utalala wapi. Kukamua kulikuwa kitu cha peke yake. Aliyekamua alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, mahali palipotengwa, akaanza kwa wakati na kuacha kwa wakati, na akishaacha yameisha. Siku hizi wamelichukua neno wakalivalisha hasira yoyote inayopita. Sina la kuwafanya. Lakini inaniudhi, maana namjua aliyelizaa na najua lilimgharimu nini.

Wenzake walimwita Mpole. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mabega yameinama kwa kubeba mashuka mabichi, na sauti yake ilikuwa ndogo hata ukimsalimia ilibidi usogee ili usikie kama ameitika. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye aliyeomba radhi. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, kule nyuma ya majengo, ukutani kwa boila la kuchemshia maji, mahali ambapo madaktari hawajui hata njia ya kufika. Chumba kilikuwa na milango miwili, mmoja wa kuingizia uchafu na mwingine wa kutolea usafi, na ole wako uichanganye. Mashuka yaliletwa kwa toroli yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa. Waliyachambua kwa glavu ndefu, wakayatia mashine ya kufulia, na yakitoka humo yakiwa mazito na yanachuruzika, waliyahamishia mashine ya kukamulia.

Mashine hiyo waliiita Bwana Mkubwa. Lilikuwa pipa la chuma lililofungwa sakafuni kwa nati, la zamani kuliko wafanyakazi wote, na lilipoanza kuzunguka kwa kasi, sakafu ilitetemeka na vikombe vya chai vikatembea vyenyewe mezani. Bwana Mkubwa akisema, wengine wote kimya. Hata ukipiga kelele sikioni mwa mtu, usingesikika. Kwa hiyo wanawake wa pale walizoea kusomana midomo. Walipigiana umbea kutoka upande huu wa chumba hadi ule bila kutoa sauti, wakachekeana, wakagombana, wakapatana. Macho yao yalifanya kazi ya masikio, na afadhali, kwa sababu masikio yenyewe yalikuwa yanakwenda. Ukikaa na Bwana Mkubwa miaka mingi, anahamia kichwani mwako. Mpole alimsikia akinguruma hata Jumapili, nyumbani, akiwa amejilaza na mashine imezimwa.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Asubuhi moja aliondoka na ngazi begani, mchana akarudishwa bila ngazi. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Alichomwachia mkewe ni chumba kimoja na sebule, ndoo za rangi zilizobaki nusu nusu, na mama yake mzazi, fundi cherehani mstaafu mwenye ulimi mkali na kicheko cha kuamsha mtaa. Ndugu walitarajia Mpole arudi kwao. Yeye akauliza tu, "Na mama atabaki na nani?" Basi. Suala likafungwa hapo. Mama mkwe na mkaza mwana wake walipendana kiasi cha kushangaza majirani, maana wawili hao kwa kawaida huwekwa pamoja na paka na panya. Mama alimwita mwanangu, na hakulitumia neno hilo kwa adabu tu.

Msibani Mpole hakulia. Alihudumia wageni, akaosha vyombo, akawabembeleza waliokuja kumbembeleza yeye. Siku aliporudi kazini alilisha Bwana Mkubwa mashuka, akafunga kifuniko, akabonyeza kitufe. Pipa liliposhika kasi, alisogea karibu, akashika ukingo kwa mikono miwili, akafumba macho na kufungua mdomo. Akamfokea marehemu. Akamwita kila jina. Akamuuliza ni mume gani anayekwenda bila kuaga, ni fundi gani asiyejua ngazi imesimama au haikusimama. Akamwambia kwamba akimkuta huko mbele atamng'oa ndevu moja moja na kumpaka rangi ya kijani. Mishipa ya shingo ilimsimama. Hakuna aliyesikia neno. Pipa lilipopunguza mwendo, alifungua macho, akajipangusa uso kwa ncha ya shuka, akaanza kutoa nguo.

Aliyekuwa karibu yake ni mpiga pasi mkuu, mwanamke mnene mwenye maneno ya moto, ambaye jina lake la kazini lilikuwa Pasi.

"Wee dada," Pasi akamwambia, "ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nakamua tu," akajibu Mpole kwa ile sauti yake ndogo.

Neno likazaliwa hapo, katikati ya mvuke, bila sherehe. Kesho yake Pasi mwenyewe alisogelea pipa na kumkamua mwenye nyumba wake, akamwombea azaliwe mara ya pili akiwa kopo la chooni. Haukupita muda mrefu, chumba kizima kikawa na zamu zake. Mmoja alikamua wakwe, mwingine alikamua mwanawe aliyeoa bila kumwambia. Na kukawa na taratibu. Ya kwanza, hakuna kukamua nusu. Shuka lililokamuliwa nusu hunuka, na hasira nayo ni hivyo hivyo. Ulitakiwa uongeze chumvi, upite mipaka, umtakie mtu mambo ambayo hata shetani angeuliza kama una uhakika. Ya pili, mtu akiwa pale, wote wanampa mgongo, kwa kuwa midomo yao ilikuwa inasomeka na macho hayana pazia. Ya tatu, yaliyotoka pale ni maji machafu. Yanakwenda kwenye mfereji wa sakafuni pamoja na mengine. Hakuna anayechota maji ya mfereji akampelekea mwenzake nyumbani.

Nasema ukweli, sijapata kuona mahali pa kazi palipokuwa na amani kama pale. Wanawake walirudi makwao wepesi. Hakuna aliyempiga mtoto.

Kisha mama mkwe akapata kiharusi. Aliinuka kufungua dirisha, akaanguka, na alipookotwa upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala. Akili ilibaki nzima kabisa, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Alijua kila kitu. Alijua anapojichafua, alijua anapogeuzwa, alijua mikono ya Mpole imechoka kwa namna ilivyomshika. Binti yake wa kumzaa, wifi yake Mpole, alikuwa na duka la vitambaa na nyumba nzuri ng'ambo ya mji. Alikuja mara kwa mara na matunda na ushauri. Matunda yalikuwa mazuri.

Fikiria basi maisha ya yule mwanamke. Mchana kutwa anafua mashuka ya wagonjwa wa watu, jioni anarudi kufua ya mgonjwa wake. Usiku mama alikuwa na kikombe cha bati na kijiko. Akitaka kugeuzwa, anagonga. Akitaka maji, anagonga. Mara nyingine aligonga kwa hofu tu, ahakikishe kuna mtu, na Mpole akija na macho ya usingizi anaambiwa, "Basi mwanangu, kalale." Anakwenda, anajilaza, ngo ngo ngo. Hakuwahi kumjibu vibaya. Hata kuguna hakuguna. Alimgeuza, akampaka mafuta mgongoni asipate vidonda, akamtandikia mashuka aliyoyafua hadi yakawa laini kuliko ya mtoto mchanga.

Yote mengine aliyapeleka kwa Bwana Mkubwa.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya mama kupimwa kliniki. Ilikuwa zamu ya wifi kumpeleka, na mambo yalikwenda vizuri. Daktari alimwambia mama kwamba moyo wake una nguvu, vidole vya mkono wa kulia vimeanza kujongea, Mungu akipenda atakaa miaka mingi. Mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Wakitoka, akamwambia bintiye, "Nisukume kule nyuma. Miaka yote hii sijawahi kuona mwanangu anafanyia wapi kazi. Nataka nimwone."

Wifi akasukuma kiti cha magurudumu kwenye njia ya mawe, wakalipita boila, wakafika mlango wa kutolea usafi, ambao ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Ndani, Bwana Mkubwa alikuwa akinguruma na wanawake wote walikuwa wamegeuza migongo, kwa hiyo hakuna aliyewaona. Mpole alikuwa kando ya pipa, macho kafumba. Usiku uliopita alikuwa amelala labda saa moja.

Umeme ukakatika. Hospitali ilikuwa na jenereta, lakini jenereta ilikuwa ya chumba cha upasuaji na wodi. Dobi hana mgonjwa anayekufa mkononi, dobi husubiri. Bwana Mkubwa alipunguza mwendo, akapumua, akasimama. Chumba kikawa kimya. Ila kichwani na mikononi mwa Mpole, Bwana Mkubwa aliendelea kuzunguka kama kawaida yake. Hakujua kama amesimama. Akaendelea.

"Na hicho kikombe chako!" alikuwa akipiga kelele, kwa sauti ambayo wenzake hawakujua kama anayo. "Nitakikunja nikimeze! Na kijiko nitakimeza, ukitaka kugonga ugonge tumboni kwangu!"

Wanawake waliangua kicheko. Usiwalaumu. Ndiyo kwanza walisikia jinsi Mpole anavyokamua, na kwa kweli alikuwa fundi. Pasi aliweka pasi chini, akajishika mbavu. Mtu angemgusa bega wakati ule ule, pengine yangeishia kwenye kijiko.

"Kwa nini hufi?" akaendelea Mpole. "Wenzako wote wamekufa! Mwanao kafa, mumeo kafa, wewe una nini? Kufa basi! Kufa nilale! Nikuzike asubuhi, mchana nilale mpaka wiki ijayo!"

Hapo Pasi alikuwa ameshageuka na kuona mlangoni. Kicheko kikamkatikia kooni. Alikimbia, akateleza kwenye maji ya sakafuni, akainuka, akamshika Mpole bega. Mpole akafungua macho. Aliona nyuso za wenzake kabla ya kuona kitu kingine, na kwenye nyuso hizo akasoma, kwa kuwa kusoma nyuso ndiyo ilikuwa kazi yao. Akageuka mlangoni polepole.

Mama alikuwa amekaa wima kwenye kiti, na kitenge chake kizuri. Mkono wa kushoto ulikuwa umeushika ule wa kulia mapajani.

"Tumekuja wakati mbaya," akasema mama. "Mna kazi. Twende, binti yangu."

Na wifi akageuza kiti.

Mpole hakuweza kuwakimbilia. Pasi ndiye aliyekimbia, akawafikia kwenye boila, akashika kiti na kuanza kueleza mambo ya pipa na mfereji na taratibu zao. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwondoa mkono kwenye kiti, wakaenda zao.

Jioni Mpole alipofika nyumbani, kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Wifi alikuwa anafunga nguo kwenye sanduku, taratibu, anakunja kila moja. Hakufoka. Afadhali angefoka, mtu anayefoka unaweza kungoja apoe.

"Wifi," Mpole alisema, "kule tunasema tusiyoyamaanisha. Ni desturi ya kazini. Ni kama mchezo."

"Nimeambiwa," akajibu wifi. "Yule mwenzako kanieleza. Nikuulize basi. Kama pale mnasema msiyoyamaanisha, huku nyumbani, unapomwita mama na kumpaka mafuta, unamaanisha?"

"Wifi, wallahi."

"Usiape. Mimi siwezi kujua upande gani ndio wewe. Na mama naye hawezi kujua. Nitamtunza mwenyewe."

Akutukanaye hakuchagulii tusi, walisema wahenga. Mpole alibeba sanduku mwenyewe hadi kwenye gari. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kafunikwa shuka. Alimpungia kwa mkono wa kushoto, mpungo wa heshima tu, unaopewa hata mgeni, na gari likaondoka.

Usiku ule hakukuwa na wa kugonga kikombe. Mpole alikuwa na usiku mzima wa kulala, ule alioulilia kwa Bwana Mkubwa siku nenda siku rudi, na hakulala. Alikaa kitandani akisikiliza. Usiku uliofuata vivyo hivyo. Kazini aliendelea kufua, lakini pipa hakulisogelea tena kwa shida zake, na wenzake nao wakaacha mmoja mmoja kwa aibu. Cha ajabu, ndipo neno lilipoanza kutembea. Mwanamke mmoja alimsimulia mhudumu wa wodi, mhudumu akamsimulia dereva, na habari ya dobi aliyemkamua mkwe wake ikazunguka hospitali nzima. Watu walicheka, wakalipenda neno, wakaanza kulitumia. Mpole alilisikia likitamkwa dirishani kwa wapishi, na vijana waliolitamka hawakumjua hata kwa sura.

Kila Jumapili alikwenda kwa wifi. Alibeba mashuka, maana alijua mashuka ya dukani ni magumu kwa ngozi ya mama. Wifi aliyapokea mlangoni. "Amelala," alisema. Jumapili nyingine, "Amelala." Mpole aliketi kidogo kwenye ngazi za mbele, kama mtu anayepumzisha miguu, halafu akarudi. Alichotaka ni kitu kimoja tu: amwambie mama kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alitaka aishi. Hakutaka kusamehewa hata. Alitaka tu mama asife akiamini vingine.

Mvua zikaja, zikaisha. Ndipo Jumapili moja wifi akafungua mlango wote. Alikuwa amekonda. Kanga aliyoifunga kichwani ilikuwa imekaa upande, na macho yake yalikuwa na ule wekundu ambao Mpole aliujua vizuri kwa kuuona kwenye kioo.

"Mama hali kitu," wifi akasema. "Hataki nimguse. Ana vidonda mgongoni, wifi, mimi sijui vimetokea wapi, namgeuza kila siku." Sauti ikamvunjika. "Ingia."

Chumba kilikuwa kizuri, sakafu ya vigae, pazia la dukani kwake. Mama alikuwa mdogo kitandani. Mpole alinawa mikono, akamgeuza kwa ule mkunjo wa kiwiko anaoujua yeye, akasafisha vidonda, akabadilisha shuka bila kumwinua. Mama alifumba macho muda wote huo, na kazi ilipokwisha akayafungua.

"Mikono hiyo," akasema. Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo. "Nilijua ni wewe kabla hujaongea."

"Mama, yale niliyosema—"

"Niliyasikia. Masikio hayakupooza."

"Sikuyamaanisha, mama."

"Najua. Ungetaka nife ungesahau kijiko changu cha dawa tu, nani angejua?" Alicheka kidogo, kicheko chake cha zamani kilichokwisha hewa. "Kaa. Usinililie, nina maji ya kutosha mwilini."

Mpole akakaa ukingoni mwa kitanda. "Basi kwa nini ulikubali kuondoka? Ungesema neno moja tu ningekuja kukuchukua."

"Niliondoka ili ulale. Ulilala?"

"Hapana, mama."

"Basi tumepata hasara wote." Mama akakusanya pumzi. "Sikiliza. Siku ile daktari kaniambia nitakaa miaka mingi. Alidhani ananipa zawadi. Nikaja kwako na kitenge changu, nacheka, na moyoni nasema, miaka mingi ya hivi? Kila asubuhi nikiamka naomba iwe ya mwisho. Sijawahi kumwambia mtu. Nikikwambia wewe utalia, nikimwambia binti yangu atanisomea vitabu vya dini. Halafu nafika pale mlangoni nasikia mtu anayasema maneno yangu. Yale yale. Kwa sauti! Nikasema, kumbe yanasemeka."

Mpole alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Nisaidie jambo moja," mama akasema. "Mimi sina pumzi ya kupiga kelele. Nusu ya mdomo imekufa, Mungu hanisikii. Niombee wewe. Kwa ile sauti. Sema anichukue. Usiseme kwa upole, upole wako naujua. Sema kama siku ile, nami nisikie, nijue kuna mtu amenisemea."

Alisubiri. Kichwa alikuwa amekiinua kidogo kwenye mto, macho yamekaza kwenye mdomo wa mkaza mwana wake.

Mpole akafungua mdomo. Nyumba ilikuwa kimya, pazia limetulia, na wifi alikuwa jikoni, ukuta mmoja tu. Aliyatafuta maneno. Alikuwa nayo, aliyajua kwa moyo, alikuwa ameyapigia kelele mara nyingi kuliko sala. Sasa yalikuwa yanaombwa na mwenyewe, kwa hiari yake, na kila moja lilikuwa na maana yake kamili, halikuwa na chumvi hata punje.

"Mama," akasema kwa ile sauti ndogo, "utapona. Vidole vimeanza kujongea, si daktari alisema?"

Mama akashusha kichwa kwenye mto.

"Kumbe hata wewe," akasema.

Kesho yake, kazini, Mpole alingoja Bwana Mkubwa ashike kasi. Akamsogelea baada ya miezi yote ile, akashika ukingo, akayasema. Aliyasema yote, kwa sauti iliyompasua kifua, akamwomba Mungu, akamwamuru, akamtukana pia, kwamba amchukue yule mama leo, sasa hivi, anangoja nini. Wenzake walimpa migongo. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho na hakujisikia mwepesi hata kidogo. Mama alikuwa ng'ambo ya mji, na asingeweza kusikia.

Tangu hapo wifi hakumzuia tena. Mpole alikwenda Jumapili, baadaye akawa anakwenda kila jioni akitoka kazini, na wawili wale wakamgeuza mama pamoja, mmoja huku, mwingine huku. Vidonda vilikauka. Mama alirudia kula, vijiko viwili vitatu, ila kuongea aliacha. Pengine pumzi ilikwisha, pengine maneno. Lakini kila Mpole alipoingia mlangoni, macho ya mama yaliinuka yakamtua mdomoni, yakakaa hapo, yakingoja. Na kila mara Mpole alisema, "Umeshindaje, mama?" Alisema, "Leo umeng'aa." Alisema mvua imenyesha, Pasi anakusalimu, shuka hili jipya. Macho yalingoja mpaka amalize, kisha yakarudi darini.

Mama alikaa hivyo mwaka mzima na zaidi. Moyo wake ulikuwa na nguvu kweli, daktari hakukosea. Alikufa mchana wa siku ya kazi, Mpole akiwa anapakua toroli.

Baada ya maziko, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, wifi na Mpole walibaki kukunja vitu vya chumbani. Walikuwa wamepatana kwa wakati huo, wakipeana vitu bila kuombana. Wifi alishika shuka la mwisho upande wake, Mpole upande wake, wakalikunja mara mbili, wakasogeleana.

"Wifi," akasema binti wa marehemu, "nilikuwa nataka kukuuliza. Mama alikuwa anakutazama sana ukiingia. Mimi hakunitazama hivyo. Alikuwa anataka nini kwako?"

Mpole alichukua shuka, akalilaza kwenye rundo, akalinyoosha kwa kiganja pale ambapo lilikuwa limeshanyooka.

"Maji ya kunywa," akasema.

"Maji tu? Si ungempa!"

"Ndiyo, wifi," Mpole akajibu, kwa sauti ndogo hata wifi ilibidi asogee. "Ningempa."